Chini ya Mabati ya Mkwe

Jumanne, 23 Aprili

Mama amekuja! Bila simu, bila kutuma neno. Nilikuwa na sabuni hadi kwenye viwiko nikasikia sauti getini ikiuliza kama hapa ndipo kwa Mama Terry. Ametoka Chwele na basi la alfajiri, jogoo kwapani, mfuko wa viazi vitamu kichwani. Amekuja kumwona Adero, kitinda mimba wangu wa miezi minne, ambaye alikuwa hajawahi kubebwa na nyanya mzaa mama. Akambeba, akamnusa shingoni, akatangaza kwamba kichwa ni cha kwetu, masikio tu ndiyo ya kwa kina Obiero. Terry na Brandon, wakubwa zake, wakamshika Kukhu, yaani nyanya yao, kila mmoja mguu wake, na hakuna aliyekubali kuachilia.

Alikusudia kurudi leo leo. Kwetu Bukusu mama halali chini ya paa la mkwe wake. Hata kukaa anakaa karibu na mlango. Yeye na Obiero, mume wangu, hawajawahi kushikana mikono. Hawaitani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Aibu hiyo inaondolewa siku ya sherehe: mbuzi anachinjwa, mkwe anamfunika mama blanketi mabegani, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana kama watu. Yetu imepangwa Desemba. Imekuwa ikipangwa Desemba tangu Terry azaliwe, na Terry sasa ana meno ya utu uzima! Obiero ni Mjaluo, lakini kwao nako mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa. Akisikia tu Mama yuko, anapitia mlango wa nyuma.

Saa tisa hivi upande wa ziwa ukawa mweusi. Upepo ukaja kwanza, ukachukua nguo zangu zote kwenye kamba. Kisha mvua — si ya kuelezea. Nikapiga simu kuuliza magari. Nikaambiwa Mamboleo maji yamekata barabara, hakuna kinachotoka kwenda upande wa kwetu.

Mama akasimama barazani na mfuko wake, kana kwamba basi lingepita hapo kwa ajili yake. Nikamwambia alale. Akaniuliza nani alinilea. Aliyetuokoa ni Perez, jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro, mjane anayekaanga samaki pale kwenye kona. Alisema kwake hakuna mwanaume wa kuogopwa. Basi Mama akavuka zile mbao mbili juu ya mtaro, leso kichwani, akaenda kulala kwa Perez. Nilisimama dirishani hadi nikaona ameingia.


Jumatano, 24 Aprili

Mvua ya mawe. Brandon aliokota kikombe kizima, akatia sukari, akaita aiskrimu.

Stima hakuna tangu jana. Obiero ni fundi wa kuchomelea mageti pale Kondele, na bila stima hakuna kuchomelea. Kwa hiyo yuko nyumbani. Na Mama yuko nyumbani, maana kwa Perez ni kulala tu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia. Basi! Bwana wangu ameshinda chumbani kama mwali, mama yangu ameshinda sebuleni, nami nimeshinda nikivuka pazia na vikombe vya chai.

Brandon ndiye simu yao. Obiero akisema kutoka kitandani kwamba Brandon amwambie Kukhu asikae kwa ile kona inayovuja, Mama amesikia kila neno, pazia ni kitambaa tu. Lakini anangoja. Brandon anatoka chumbani, anasimama mbele yake, anasema, ndipo anahamisha kiti. Kisha Mama naye: Brandon amwambie baba yake bati la kona linapigapiga, alitie msumari kabla upepo haujalibeba. Obiero akatokea mlango wa nyuma, akapanda juu kwenye mvua ile ile. Nyundo ikalia. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaninong'oneza kwamba anajua kupiga msumari. Kutoka kwa Mama hiyo ni sifa kubwa. Nimeolewa miaka tisa, sijawahi kusifiwa hivyo hata kwa ugali wangu.

Kufikia jioni Brandon alikuwa anadai kipande cha chapati kwa kila ujumbe. Pia ameanza kutunga wa kwake. Alimwambia baba yake kwamba Kukhu amesema watoto wa nyumba hii wanunuliwe soda.


Alhamisi, 25 Aprili

Haraka tu, Adero anataka kunyonya.

Upepo umebeba mabati ya Perez. Mchana kweupe! Tuliona bati moja likiinuka kama ukurasa, kisha mengine. Mama na Perez wakaja mbio juu ya zile mbao, mmoja na godoro, mwingine na sufuria ya mafuta ya samaki. Hawakuumia, Mungu ni mwema. Perez ameenda kwa dada yake Manyatta.

Mama hana pa kulala sasa. Anasema jikoni. Jiko letu liko nje, mabati matupu, sakafu ya udongo. Nimekataa. Amekwenda.


Ijumaa, 26 Aprili

Nimekasirika na kila mtu leo. Na mvua pia.

Amelala jikoni pamoja na jogoo wake. Nilipoenda kuwasha makaa asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kigoda, leso imelowa hadi magotini, anakohoa. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango. Ananiambia amelala vizuri. Vizuri! Nikamwambia Mama, mila ilitungwa na watu waliokuwa na nyumba kavu. Akaniambia nisiseme hivyo mbele ya watoto. Nikalia, si uongo. Nililia juu ya jiko nikasingizia moshi. Kifua chake si cha kuchezea. Mwaka juzi kilimlaza hospitali na tukadhani ndio mwisho. Kama atalala kwenye unyevu siku nyingine mbili, najua itakavyokuwa.

Tukabishana sana kama jiko ni sehemu ya nyumba ya mkwe au si sehemu. Mama anasema ni paa lingine. Nikamwuliza nani aliliezeka. Akaanza kukunja leso yake, nikadhani nimeshinda. Kumbe alikuwa anafikiria kwenda kulala kanisani, pale juu.

Obiero alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pazia. Akamwita Brandon. Nilimwona akichuchumaa, amemshika mabega, anaongea polepole ili kila neno lifike.

"Ambia Kukhu, baba amesafiri. Ameenda kulala kwa workshop. Hii nyumba saa hii ni ya Mama Terry, hakuna mkwe ndani."

Akachukua sweta, redio na kitunguu kimoja — cha nini sijui — akatokea mlango wa nyuma. Mwanaume ameacha kitanda chake aende kulala kwenye benchi katikati ya vyuma ili mama yangu akae pakavu. Nilimfuata hadi getini nikamshika kiuno kwenye mvua. Akaniambia nirudi ndani, watu wanaona. Hakukuwa na mtu.

 Mama akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei tu, amesafiri mbali? Nikamwambia mbali sana. Amekubali sebuleni, kwenye kochi. Chumbani hata kichwa hajaingiza. Lakini amelala, na nasikia anapumua. Kukohoa kumepungua kidogo.


Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimecheka hadi nikashika tumbo.

Mchana mvua ilipumzika. Obiero akadhani Mama ameenda na Terry kuangalia nyumba ya Perez, akaja kwa mlango wa nyuma kuchukua nyundo. Mama alikuwa jikoni anamnyonyoa jogoo. Akatoka na karai la manyoya, wakakutana uso kwa uso, hatua mbili tu. Ee! Obiero akaruka ndani ya sukuma wiki zangu. Mama akatupa karai, akajificha nyuma ya tangi. Na mvua nayo ikachagua dakika hiyo hiyo kurudi. Wote wawili wakabaki huko, yeye amechutama kwenye matope, Mama amejifunika leso, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke kwanza. Wamelowa kama vyura, kwa heshima.

Ilibidi nimtume Brandon atangaze kwamba baba afunge macho ili Kukhu apite.

Brandon akaniuliza baadaye kama baba anamwogopa Kukhu. Nikamwambia si woga, ni heshima. Akaniuliza kama yeye pia akiniheshimu anaweza kuingia kwenye sukuma.

Lakini jambo la leo ni hili. Kabla ya kuondoka Obiero aliinama mahali Mama aliposimama, karibu na mlango wa jikoni, akapinda kipande cha waya kwenye alama ya mguu wake kwenye tope. Sikuelewa. Saa kumi amerudi hadi getini, akampa Brandon mfuko. Ndani mna gambuti mpya, buti nyeusi za mpira, kutoka soko la Kibuye. Zimemkaa Mama sawasawa. Amemwona mama yangu kwa macho labda mara nne maisha yake yote, tena kwa pembeni, na amemnunulia viatu vinavyomtosha.

Mama alizivua, akazifuta, akazivaa tena.  Alienda jikoni, akapakua kuku. Firigisi akaiweka kando kwenye bakuli la peke yake, akaifunika kwa sahani. Kwetu firigisi haiguswi na kila mtu. Ni ya mwenye boma. Brandon aliitazama sana. Mama akamwambia Terry ampelekee huyo aliyesafiri, pale getini, kabla haijapoa.

Huyo aliyesafiri! Obiero aliila amesimama kwenye mvua, nikaona anafuta mdomo kwa mkono wa sweta. Nawapenda hawa watu wawili wapumbavu. Natamani tu mara moja, kabla sijazeeka, niwasikie wakisalimiana.


Jumapili, 28 Aprili

Niko kanisani lakini si kwa ibada.  Naandika ili nisikimbie nje.

Mto Auji umevunja kingo. Tulikuwa tumemaliza chai ya saa kumi, mvua kubwa, na Terry akasema Mama, sakafu inatembea. Ni maji yaliyokuwa yanaingia chini ya mlango, yakiinua mkeka. Muda mfupi tu yalifika kwenye viti. Nikamfunga Adero mgongoni. Mama akawapandisha watoto mezani, naye akapanda juu yake na gambuti zake, akishika mwamba wa dari.

Obiero alitokea Kondele mbio, maji yakiwa kiunoni mwake pale getini. Sijui alijuaje. Safari hii aliingia kwa mlango wa mbele. Mama aligeuza uso ukutani, hata hapo! Kanisa liko juu, ng'ambo ya mtaro, tunaliona kutoka dirishani siku zote, lakini leo ile njia haipo. Ni maji matupu ya kahawia na gugumaji limekuja nayo.

Akasema nitangulie naye na watoto, kisha arudi kumchukua Mama. Akambeba Brandon mgongoni, Terry kifuani. Terry alishika kichwani mfuko wa nailoni wenye blanketi lake, lile lenye picha za bata. Ndicho kitu kikavu pekee tulicho nacho sasa. Nikamwambia Mama twende, nitakushika mkono. Aliniambia nishike mtoto kwa mikono yote miwili. Na Obiero akirudi? Akatikisa kichwa. Hawezi kubebwa na mkwe, mwili kwa mwili, kama mtoto. Alisema Enos atampitia na mkokoteni. Enos, yule anayebeba maji ya kuuza, alipita adhuhuri akaahidi kwamba hali ikiwa mbaya atamfuata. Mama akasema yeye atangoja Enos, na nisibishane naye maji yakipanda.

Nikaenda. Nilikuwa na watoto watatu. Nikaenda.

Tulivuka kwa kushika ua wa Perez, na huko mwisho kwa kamba ambayo watu wa kanisa walikuwa wamefunga. Kamba yenyewe imekatika baada yetu, pamoja na ule ua. Tukaingia ndani, watu wamejaa hadi madhabahuni. Namkausha Brandon kichwa, nainua macho — Enos! Amekaa kwenye benchi la pili na mguu umefungwa kitambaa. Mkokoteni wake umesombwa tangu saa tisa.

Hakuna mkokoteni. Mama yuko juu ya meza anangoja kitu ambacho hakipo.

Obiero alimwona Enos wakati nilipomwona mimi.  Kisha akaniomba blanketi. Nikampa, nikidhani anataka kumkinga Mama na baridi, kile kifua chake. Akalirudisha kwenye mfuko, akaukaza, akauweka kichwani. Mlangoni akageuka, akaniita kwa jina langu.

"Naswa, na kama akikataa?"

Nikamwambia asimwulize. Na nikamwambia arudi. Nilisema arudi mara nyingi sana, hadi Terry akanivuta gauni.

Sasa niko dirishani. Naona paa letu na nusu ya dirisha. Aliingia, sijui ni muda gani, na bado hajatoka. Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Maji hayajapungua. Adero amelala mgongoni mwangu kana kwamba dunia iko sawa. Brandon amepanda benchi kando yangu. Anauliza kama Kukhu amelowesha gambuti. Namwombea Mama. Namwombea huyu mwanaume aliyenunua viatu kwa waya. Mungu, nisiambiwe nichague mmoja.

Wametoka.

Wametoka! Mama yuko mgongoni mwake. Amembeba juu kabisa, karibu na mabega, gambuti zimening'inia pande zote mbili. Na blanketi la bata liko mabegani mwa Mama. Amefunikwa vizuri, limefungwa mbele kwa fundo, si la kurushiwa tu. Hakulileta kwa sababu ya baridi. Mbuzi hayupo, wazee hawapo, blanketi lenyewe ni la mtoto na limetoboka pembeni. Lakini mkwe amemfunika mama. Alimwuliza, huyu mkaidi, amemwuliza kwa njia anayoielewa, na Mama amekubali.

Nalia, na sisingizii moshi.

Wanakuja polepole. Maji yanamfika Obiero kifuani. Ua haupo, mbao hazipo, hakuna cha kuonyesha mtaro ulipo, na mtaro ule mtu akitumbukia leo haonekani tena. Obiero hupitia upande wa nyuma siku zote, upande huu haujui vizuri. Anakwenda kushoto sana. Nimepiga kelele. Wote hapa dirishani tumepiga kelele, hasikii, maji yana mngurumo. Mama ndiye aliyekuwa akivuka hapo kwenda kulala kwa Perez. Mama anajua. Mama, sema!

Anatoa mkono kwenye blanketi. Amemshika bega. Na sauti yake, ile ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya shamba, imefika hadi humu ndani.

"Obiero! Mtaro uko hapo mbele. Rudi huku kwa mpera."

Amesimama. Hajageuza kichwa. Sasa anarudi nyuma, anausogelea mpera, Mama anamwonyesha kwa mkono na wanaendelea kuongea, naona midomo yake, anaongea naye tu.

Brandon amenigeukia, macho yamemtoka.

"Mama, kumbe Kukhu anajua jina la baba."

Wamefika kwenye mpera. Bado nusu ya njia, na maji yamemshuka Obiero hadi kiunoni. Naweka kalamu chini, nakwenda mlangoni kuwapokea.